Ramani mbili za ubongo zikikutana: klasta iwe na vokseli ngapi ndipo uiamini?

Umechambua data za fMRI, yaani picha za MRI zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi, zenye mazoezi mawili. Watu wakisoma, upande wa kushoto wa ubongo unawaka mahali fulani. Wakisikiliza, panawaka mahali pengine karibu na hapo. Ukiweka ramani moja juu ya nyingine, kuna kipande kinachoingiliana, nacho kina vokseli 18 (vokseli ni kichemraba kimoja kidogo cha picha ya ubongo). Je, 18 zinatosha kuandika kwamba eneo hilo linatumika kwa kusoma na kwa kusikiliza?

Jibu fupi ni kwamba makutano hayapewi punguzo. Klasta ya makutano, yaani vokseli zilizoshikamana na kupita kizingiti kwenye ramani zote mbili, inadaiwa ukubwa uleule ambao ungeudai kwa ramani moja. Kama ramani mbili zina viwango tofauti, chukua kilicho kikubwa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inaeleza sababu yake, kwa kuwa asiyeielewa sababu hushawishika kirahisi na hesabu inayoonekana nzuri na ambayo haifai.

Nachukulia kwamba umeshafika hatua ya ramani za kikundi, una programu ya SPM, AFNI au FSL, na unajua thamani ya p ni nini. Kama huna data yako mwenyewe, OpenNeuro ina data za fMRI za bure ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kupakua na kufanyia mazoezi haya yote. Kwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakina mashine ya MRI ya utafiti, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 1: Andika dai lako kabla ya kugusa kitufe chochote

Hatua hii haina hesabu, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote. Chukua karatasi uandike sentensi moja: "Nataka kuonyesha kwamba katika eneo hili kusoma kuna athari NA kusikiliza kuna athari." Kisha jiulize kinyume chake ni nini. Kinyume cha "zote mbili" ni "angalau moja haina athari". Hiyo ndiyo nadharia tete kanushi unayopaswa kuivunja.

Iko kanushi nyingine inayofanana nayo kwa sura: "hakuna hata moja yenye athari." Ukiivunja hiyo, umethibitisha tu kwamba angalau zoezi moja lina athari. Huenda ni kusoma peke yake, huku kusikiliza kukiwa kelele tupu.

Tofauti hii iliwahi kuleta mkanganyiko mkubwa. Cathy Price na Karl Friston walileta uchambuzi wa makutano katika fani hii mwaka 1997, na mwaka 1999 Friston na wenzake wakatoa njia ya kupima kwa kutumia thamani iliyo ndogo kuliko zote katika kila vokseli. Njia hiyo ilikuwa ikipima kanushi ya pili, ila watu waliisoma kana kwamba inapima ya kwanza. Mwaka 2005 Thomas Nichols na wenzake walionyesha wazi kwamba ukitaka kudai "zote mbili", thamani ndogo lazima ivuke kizingiti cha kawaida cha ramani moja, bila kukishusha. Ndiyo sababu leo SPM inapokuonyesha makutano hukuuliza unapima kanushi ipi: "Global" au "Conjunction". Kwa dai letu ni "Conjunction".

Mkopo wenye wadhamini wawili hufanya kazi hivyohivyo. Chama kinataka kila mdhamini awe na uwezo wake kamili, na utajiri wa mmoja hauzibi pengo la mwenzake.

Hatua ya 2: Iangalie hesabu inayodanganya

Ngoja nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wenye akili nzuri wanapoteleza.

Ubongo uliowekwa kwenye kiolezo cha MNI, ubongo wa kawaida wa kulinganishia, kwa vokseli za milimita 2 una vokseli kama 228,000. Ukitumia p < 0.001 bila marekebisho, kelele peke yake itakupa vokseli kama 228 zinazowaka. Ndiyo maana tunadai klasta ziwe kubwa: kelele huwasha vokseli zilizotawanyika au vikundi vidogo, na ni nadra kuwasha kikundi kikubwa kilichoshikamana. Samaki aina ya salmoni aliyekufa, ambaye Craig Bennett na wenzake walimweka kwenye mashine ya MRI na kumwonyesha picha za watu, alionekana "kuwaza" kwa sababu hakuna marekebisho yaliyofanywa kwa idadi ya vipimo. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2012. Inachekesha, ila usisahau kwamba p < 0.001 na klasta ya vokseli 3 ndicho kizingiti kilichotumika, na makala nyingi za enzi hizo hazikuwa na kikali zaidi ya hicho.

Sasa makutano. Mtu anasema: uwezekano wa vokseli kuwaka kwa bahati kwenye ramani zote mbili ni 0.001 × 0.001, yaani 0.000001. Zidisha kwa 228,000 upate 0.23. Haifiki hata vokseli moja! Basi vokseli 18 ni ushahidi mzito, na sihitaji kizingiti cha ukubwa kabisa.

Hesabu yenyewe iko sawa, lakini imejibu swali lingine. Imechukulia kwamba ramani zote mbili ni kelele tupu ubongo mzima. Tuseme kusoma kunawasha kikwelikweli eneo pana la nyuma ya ubongo, vokseli 15,000, kwa kuwa washiriki walikuwa wakitazama maandishi. Ndani ya eneo hilo ramani ya kusoma imeshapita kila mahali, haichuji kitu tena. Kinachobaki ni kelele ya ramani ya kusikiliza peke yake: 15,000 × 0.001 ni vokseli 15. Na kwa kuwa picha zimelainishwa, yaani kila vokseli imechanganywa na jirani zake, hizo 15 hazitawanyiki moja moja. Huja zimeganda pamoja. Makutano ya vokseli 18 yanaweza kutoka humo bila kusikiliza kuwa na athari yoyote pale.

Kadiri zoezi moja linavyowasha eneo pana, ndivyo makutano yanavyozidi kutegemea zoezi lile jingine peke yake. Hali mbaya kabisa ni ramani moja kuwaka ubongo mzima, na hapo makutano yanakuwa ramani ya pili yenyewe, pamoja na klasta zake zote za uongo. Kizingiti kinacholinda katika hali hiyo ni kizingiti cha ramani moja.

Ndugu ya kosa hili ni mtu anayetaka "p ya pamoja" iwe 0.001 na kukata kila ramani kwa kipeuo cha pili chake, 0.0316. Ukikutana na nambari 0.0316 kwenye sehemu ya mbinu, simama uulize ni kanushi ipi iliyopimwa.

Kuna tatizo la ziada iwapo kontrasti zote mbili (kontrasti ni tofauti kati ya hali mbili) zimetumia kipindi kimoja cha mapumziko: kusoma kutoa mapumziko, kusikiliza kutoa mapumziko. Kelele ya mapumziko imeingia kwenye zote mbili, na kama kelele za vipindi vyote ni sawa, uwiano kati ya kontrasti hizo ni 0.5. Kuzidisha p kwa p hapo si sahihi hata kwa kanushi ile dhaifu. Kizingiti cha ramani moja, kwa bahati nzuri, hakijali ramani zinahusiana au hazihusiani.

Hatua ya 3: Chagua kizingiti cha vokseli, kisha usikiguse tena

Tumia p < 0.001 kwa kila ramani. Kwa washiriki 24 na kipimo cha upande mmoja, hiyo ni t ya 3.485, kwa pande mbili ni 3.768.

Usiteremke hadi 0.01 ili klasta zinenepe. Mwaka 2016 Anders Eklund, Nichols na Hans Knutsson walichukua data za watu wazima wenye afya 499 waliokuwa wamepumzika tu kwenye mashine, wakazichambua kana kwamba kulikuwa na zoezi. Kosa lililotarajiwa ni asilimia 5. Kwa baadhi ya mipangilio lilifika asilimia 70. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa 0.01 kuliko kwa 0.001. Sababu mojawapo ni kwamba kanuni za klasta zilichukulia uhusiano wa vokseli jirani unashuka kwa umbo la kengele, kumbe kwenye data halisi una mkia mrefu zaidi. Klasta kubwa za bahati kwa hiyo hutokea mara nyingi kuliko kanuni inavyodhani.

Kizingiti cha chini kina hasara nyingine kwa makutano hasa. Klasta inayopita inakuambia kwamba mahali fulani ndani yake kuna athari. Haikuambii kila vokseli ina athari. Klasta yenye vokseli 3,000 inayoanzia nyuma ya kichwa na kutambaa hadi kwenye paji haina maana kubwa ya mahali, na makutano ni dai la mahali.

Hatua ya 4: Maski moja na ulaini uliopimwa

Ramani zote mbili zitumie maski moja, vokseli zilezile ambazo washiriki wote wana data. Halafu pima ulaini kutoka kwenye masalia ya modeli, yaani kilichobaki baada ya modeli kueleza data. Usiandike tu "milimita 8" kwa sababu ndicho kichujio ulicholainishia: picha zilikuwa na ulaini wake hata kabla hujazigusa, na ulaini wa mwisho huwa mkubwa kuliko kichujio.

Kwa AFNI, kwa kila mshiriki:

`3dFWHMx -acf NULL -mask maski.nii -input masalia.nii`

Mstari wa mwisho una nambari nne. Tatu za kwanza ni a, b na c, vigezo vya ACF, zinazoeleza ule mkia mrefu. Chukua wastani wake kwa washiriki wote. Ya nne ni ulaini kwa milimita, ya kukusaidia kuona kama matokeo yana akili.

Hatua ya 5: Tafuta k ya kila kontrasti

`3dClustSim -mask maski.nii -acf a b c -pthr 0.001 -athr 0.05 -iter 10000 -prefix k_kusoma`

Programu inatengeneza kelele bandia zenye ulaini kama wa data yako mara 10,000, na kila mara inaandika klasta kubwa iliyojitokeza. Ukubwa ambao kelele huufikia kwa asilimia 5 tu ya mara hizo ndio k yako. Kama unatumia toleo la kabla ya 2015, lisasishe kwanza, maana mwaka huo ilirekebishwa hitilafu iliyokuwa ikifanya k itoke ndogo kuliko inavyopaswa.

Utapata mafaili kadhaa. Chagua lenye upande unaolingana na kipimo chako na ujirani utakaotumia kuhesabu klasta: NN1 ni vokseli zinazogusana kwa uso, jirani 6, NN2 inaongeza za ukingoni, jirani 18, NN3 inaongeza zinazogusana kwa ncha ya pembe tu, jirani 26. SPM hutumia 18, FSL kwa kawaida 26. Kutafuta k kwa ujirani mmoja na kuhesabu klasta kwa mwingine ni kosa dogo lisiloonekana kabisa kwenye makala iliyochapishwa.

Kwa SPM, fungua kila kontrasti peke yake kwa p < 0.001 bila kikomo cha ukubwa, kisha usome FWEc chini ya jedwali, yaani ukubwa wa klasta ndogo kabisa iliyopita baada ya marekebisho. Ikiandika Inf, hakuna klasta iliyopita kwenye ramani hiyo, na habari ya makutano ya klasta imeishia hapo.

Tuseme kwa mfano wetu kusoma kumetoa k ya 62 na kusikiliza 71. Kizingiti cha makutano ni 71. Si 62, si wastani wake, si nusu.

Hatua ya 6: Tengeneza ramani ya thamani ndogo

Kama idadi ya washiriki inatofautiana kati ya kontrasti, geuza t ziwe z kwanza, kwa kuwa t ya 3.5 ya watu 24 si sawa na t ya 3.5 ya watu 40. Kisha, kwa kila vokseli, chukua thamani iliyo ndogo:

`3dcalc -a kusoma_t.nii -b kusikiliza_t.nii -expr 'min(a,b)' -prefix ndogo.nii`

`3dClusterize -inset ndogo.nii -ithr 0 -mask maski.nii -NN 2 -1sided RIGHT_TAIL 3.485 -clust_nvox 71 -pref_map makutano.nii`

Kwa FSL, `fslmaths kusoma -min kusikiliza ndogo` inatosha. Angalia alama: mpangilio huu unatafuta mahali ambapo athari zote ni chanya. Ukitaka zilizo hasi zote mbili, chukua thamani kubwa badala ya ndogo na ukate mkia wa kushoto. Usigeuze kila kitu kuwa chanya kwanza. Utaunganisha mahali ambapo kusoma kunapandisha na kusikiliza kunashusha, na hilo ni dai lingine kabisa.

Mfuatano ni muhimu hapa. Tafuta kwanza kilicho cha pamoja, ndipo uhesabu klasta. Wengi hufanya kinyume: wanachuja kila ramani kwa k yake, kisha wanapiga picha ya pamoja na kuripoti chochote kilichoingiliana. Klasta ya vokseli 240 na nyingine ya 190 zote zimepita kihalali, lakini kuingiliana kwake kwa 18 hakujapimwa na mtu. Huenda athari ya kusoma iko mwisho mmoja wa klasta yake, na athari ya kusikiliza iko mwisho wa pili wa yake, na katikati ni ulainishaji uliozisogeza hadi zikagusana.

Hata njia ya thamani ndogo ina ufa mmoja. Klasta ya makutano inaweza kuungwa na vipande viwili, kimoja ambako kusoma ni halisi na kusikiliza ni kelele, na kingine kinyume chake. Kila kipande kingekuwa kidogo mno kupita peke yake. Kwa hiyo klasta iliyopita kwa shida na yenye umbo la kiuno chembamba ichunguze kwa macho, ukiweka ramani zote mbili kando kwa kando.

Basi zile vokseli 18?

Hazipiti. Unachoweza kuandika kihalali ni kwamba kusoma na kusikiliza kumewasha maeneo jirani na kwamba makutano hayakufikia kizingiti. Usiandike kwamba maeneo hayo ni tofauti. Kushindwa kuonyesha kuingiliana hakuthibitishi utengano.

Na kabla hujakata tamaa, geuza vokseli ziwe milimita za ujazo. Vokseli 18 za milimita 2 ni 144. Vokseli 18 za milimita 3 ni 486. Kulinganisha k yako na k ya makala nyingine bila kugeuza ni kupoteza muda, na kuiazima ni vibaya zaidi, kwa kuwa k hutegemea maski, ulaini na kizingiti cha vokseli cha data hiyo.

Lini unaruhusiwa kutumia k ndogo

Iko njia moja ninayoiamini. Ikiwa ulipanga mapema kwamba kusoma ndiko kutakuonyesha eneo, na data za kusoma zimetoka kwenye vipindi tofauti na havichangii mapumziko na kusikiliza, basi tumia eneo la kusoma kama maski na upime kusikiliza ndani yake tu. Endesha 3dClustSim kwa maski hiyo ndogo. Eneo la kutafuta limepungua, k nayo itashuka. Mpangilio huo lazima uwe umeandikwa kabla ya matokeo. Ukiuanza baada ya kuona 18 zimekwama, msomaji makini atajua.

Njia ya pemutesheni, ukiwa na muda wa kompyuta

Hii ndiyo ningeichagua kwa data yoyote ninayoijali, kwa kuwa haitegemei umbo la kengele. Endesha `randomise` ya FSL kwa kila kontrasti na TFCE (njia inayoipa kila vokseli alama kulingana na nguvu yake na ya jirani zake), pemutesheni 5,000, yaani kugeuza ovyo chanya na hasi za washiriki mara 5,000. Washiriki 24 wana michanganyiko zaidi ya milioni 16 ya kugeuza alama, kwa hiyo hutaishiwa. TFCE haihitaji kizingiti cha kuunda klasta wala k. Kila vokseli inapata p yake iliyorekebishwa.

Kisha kwa kila vokseli chukua p iliyo kubwa kati ya mbili. Ikiwa hata hiyo kubwa iko chini ya 0.05, zote mbili zimepita. Tahadhari: mafaili ya corrp ya `randomise` huhifadhi 1 kutoa p. Kwa hiyo p kubwa ni thamani ndogo kwenye faili, na amri ni `-min` ikifuatiwa na `-thr 0.95`. Anayechukua `-max` hapa anapata muungano wa ramani mbili na kuuita makutano, na picha yake itapendeza sana.

Kuripoti

Sehemu ya mbinu inatosha kwa sentensi chache, mradi haikosi: kanushi iliyopimwa, kizingiti cha vokseli na upande wake, njia ya kupata k, k ya kila kontrasti na iliyotumika, ujirani, na ukubwa wa vokseli. Kwa mfano wetu:

"Tulipima kanushi ya makutano kwa thamani ndogo ya t katika kila vokseli (p < 0.001, upande mmoja). Ukubwa wa klasta ulikadiriwa kwa 3dClustSim kwa kutumia vigezo vya ACF vya masalia (marudio 10,000, kosa la familia 0.05, NN2): vokseli 62 kwa kusoma na 71 kwa kusikiliza. Makutano yalitakiwa kufikia vokseli 71 za milimita 2, yaani milimita za ujazo 568."

Ramani mbili zisizokatwa, pamoja na ile ya thamani ndogo, ziweke NeuroVault, hifadhi ya mtandaoni ya ramani za ubongo, na uandike kiungo chake kwenye makala, ili anayetilia shaka k yako aweze kuikata upya mwenyewe.